Kasi ya singeli inatoka wapi

Kazi yangu ni kurekodi na kuchambua muziki wa sherehe za mitaani Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote linahusu kasi ya singeli, muziki wa mbio uliozaliwa kwenye sherehe hizo. Mtu hunijia na simu yake, ameweka programu ya kuhesabu mapigo, nayo inamwonyesha 220 kwa dakika, wakati mwingine 260, kisha anataka nimweleze binadamu wa kawaida anachezaje kitu cha namna hiyo. Huwa namjibu kwamba simu yake haijakosea, ila uwanjani hakuna mchezaji hata mmoja anayeihesabu nambari hiyo. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu anayeielewa kasi ya singeli ameelewa pia ilizaliwa na nani, inachezwa kwa ajili ya nani, na kwa nini inaharibika pale watu wanapochukua nusu yake na kuiacha nusu nyingine.

Singeli nyingi huenda kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Hip hop tuliyoizoea, ile ya kutikisa kichwa taratibu, mara nyingi hukaa karibu na 90 au 100. Ukilinganisha nambari hizo juu juu utadhani hizi ni dunia mbili zisizojuana. Lakini chukua biti ya 220 uigawe mara mbili: unapata 110. Igawe tena: unapata 55. Kasi zote tatu zimo ndani ya wimbo mmoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja uwanjani huchagua ya kwake. Kicharazo cha juu, kile kinacholia kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati, hukimbia na 220. Kiuno cha mwanamke anayecheza katikati ya duara hufuata 110. Mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya turubai, akitikisa mguu mmoja tu, yuko kwenye 55, wala hajachelewa. Singeli iko kasi kwa anayeipima kwa mashine. Kwa anayeicheza ina nafasi ya kutosha.

Nambari ya 110 inanivutia zaidi ya zote, kwa sababu ni kasi ya kutembea. Mtu mzima anayetembea kwa haraka kidogo, bila kukimbia, hupiga hatua kati ya 100 na 120 kwa dakika. Kabla ya spika za umeme, muziki wa sherehe katika mitaa hii ulikuwa unatembea. Mdundiko wa Wazaramo haukukaa mahali pamoja: ulitoka nyumba yenye shughuli, ukapita njia kuu, ukaingia vichochoroni, na watu wakaufuata wakicheza huku wanasonga mbele. Watu wazima wa Dar es Salaam bado wanasimulia watoto waliofuata mdundiko kutoka mtaa wao wakajikuta jioni wako mtaa wasioujua, wakatafutwa hadi usiku. Muziki wa namna hiyo lazima uwe na pigo ambalo miguu inaweza kulitembelea, na juu ya pigo hilo ngoma ndogo ziwe zinakimbia ili msisimko usipungue njiani. Nikisikiliza singeli leo nasikia mpangilio ule ule, ila safari ya mtaani imegeuka kuwa duara mbele ya spika. Huu ni usomaji wangu mimi, na nausimamia.

Kati ya mdundiko na singeli kuna daraja moja ambalo vijana wengi hawalijui, nalo ni mchiriku. Huu ni muziki uliochukua ngoma za pwani na kuziongezea kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho mzazi mwenye uwezo angemnunulia mtoto achezee. Kinanda hicho kiliunganishwa na vikuza sauti vya kuungaunga na spika za honi, na sauti iliyotoka ilikuwa kali, ya kukwaruza, yenye mwangwi mwingi. Wajuzi wa studio za wakati ule waliiona kuwa kasoro. Wapenzi wa mchiriku waliiona kuwa ndiyo ladha yenyewe. Kundi la Jagwa Music, lililoanza mwaka 1992, lilidumu na mtindo huo kwa miaka mingi hadi albamu yake ya Bongo Hotheads ikatolewa Ulaya mwaka 2012 na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Singeli ilirithi kutoka mchiriku mambo mawili: ile sauti ya kinanda inayochoma masikio, na msimamo kwamba chombo cha bei ndogo kikipigwa na mtu anayekijua ni chombo kamili.

Jambo la tatu halikutoka kwenye mchiriku. Lilitoka kwenye taarabu ya kisasa, na hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu.

Katika sherehe za uswahilini, za harusi au za kumtoa mwali, taarabu ilikuwa lazima. Nyimbo zake ni ndefu, na nyingi huanza kwa utangulizi mrefu wa vinanda na gitaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Madijei waligundua kwamba utangulizi ule, ukikatwa na kurudiwarudiwa, unatosha kuwa biti nzima, na kwamba ukiongezewa kasi, wachezaji wanapata mzuka. Mshika maikrofoni, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kutaja wenye shughuli, kusifu wageni na kutangaza nani ametunza shilingi ngapi, akajikuta ana biti tupu mbele yake. Akaanza kuijaza. Hayo yalitokea katikati ya miaka ya 2000, katika mitaa ya Manzese, Tandale, Mburahati na upande wa Temeke, na hakuna mtu mmoja anayeweza kusema kwamba ndiye aliyeivumbua singeli peke yake, ingawa mwimbaji Msaga Sumu ndiye ambaye wengi wanamwita mfalme wake, na sioni sababu ya kuwapinga.

Hapa kuna jambo la kiufundi linaloeleza mengi. Ukiuongezea wimbo kasi kwa njia ya kawaida, bila kuiambia programu ilinde sauti, wimbo hauendi mbio tu. Unapanda juu pia. Chukua utangulizi wa taarabu ulio kwenye mapigo 130 kwa dakika uuongezee kasi kwa nusu yake. Utafika 195, na sauti yote itapanda kwa pengo lile lile lililopo kati ya do na so. Gitaa litakuwa kama kinanda cha mtoto, fidla itakuwa kama nyenje. Kwa hiyo ule mlio mwembamba, wa juu, unaometameta, ambao leo ndio alama ya singeli popote inaposikika, ulianza kama matokeo ya kitelezi cha kasi kwenye programu ya dijei. Baadaye maprodyuza walipoanza kutengeneza biti zao wenyewe kutoka mwanzo, waliuiga mlio huo kwa makusudi, wakachagua sauti za juu na mapigo makavu, kwa sababu masikio ya mtaa yalikwisha kuzoea kwamba sherehe inalia hivyo.

Sasa tuje kwenye maneno. Singeli ni muziki wa kuchana, yaani wa kurap. Ukoo wake na hip hop hautokani na mavazi wala na jina la emsii, kama anavyoitwa mshika maikrofoni. Unatokana na kazi ya ulimi juu ya biti. Tunajua njia ambayo hip hop ilifuata kuingia Dar es Salaam: mwaka 1991 Saleh Jabir alipata umaarufu kwa kutia maneno ya Kiswahili juu ya biti ya Kimarekani, mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit, na miaka iliyofuata rap ya Kiswahili ikakua hadi kuwa Bongo Fleva. Njia ile ilipita kwa vijana walioweza kupata kanda kutoka nje, waliojua Kiingereza kidogo au kingi, na waliokuwa na nauli ya kwenda studio. Singeli ilifika kwenye kuchana kwa njia nyingine kabisa, kupitia maikrofoni ya sherehe. Emsii wa kwanza wa singeli hakuwa anajaribu kuwa kama mtu wa New York. Alikuwa mshereheshaji aliyepewa biti iliyokuwa mbio, akatakiwa asinyamaze mpaka alfajiri.

Na Kiswahili kilimbeba. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, hazina marundo ya konsonanti za kukwaza ulimi, na washairi wetu wamezihesabu kwa karne nyingi. Ubeti wa tarbia wa kawaida una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane kwenye ukwapi, nusu yake ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili. Fanya hesabu: kwenye biti ya 220, emsii akiweka silabi mbili kwa kila pigo, mshororo mzima wa mizani 16 unakwisha kwa mapigo manane, yaani zaidi kidogo ya sekunde mbili. Ubeti mzima haufikishi sekunde tisa. Ni mbio, lakini zinawezekana, na zinaeleweka, kwa sababu msikilizaji anajua silabi itakayofuata itakuwa ya umbo gani. Mkazo wa Kiswahili nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo emsii mzuri huifanya silabi hiyo ianguke juu ya pigo zito, halafu kina kinafunga mara baada yake, na watu wanapiga kelele hata kabla hawajamaliza kuelewa alichosema. Sauti pekee zinazomsumbua ni zile za m inayosimama peke yake, kama katika mtu au mtoto. Sikiliza kwa makini utagundua kwamba maemsii huzimeza, wakazipa nusu ya muda wa silabi nyingine, jambo ambalo mwalimu wa ushairi angelikataa na uwanja unalikubali.

Sidai kwamba maemsii hukaa chini kuhesabu mizani. Wengi wao walisikia nane nane hizo kwenye kaswida, kwenye nyimbo za unyago, kwenye taarabu ya mama zao, na ulimi ukakariri wenyewe. Lakini nikiwasikia watu wakisema singeli ni kelele za vijana wasio na adabu ya lugha, naumia, kwa sababu nimekaa na rekodi hizo nikizisikiliza kwa kasi ya nusu, mshororo baada ya mshororo, na nimekuta humo kazi ya vina ambayo ingestahili kufundishwa darasani. Mambo wanayoyasema ni ya mtaa: kodi ya chumba, mwenye nyumba aliyekata umeme, mkopo wa kausha damu wenye riba ya kuumiza, shemeji, wanga, mpangaji mwenye mdomo, na pesa ambayo haipatikani. Albamu ya prodyuza wa singeli Jay Mitta ya mwaka 2019 inaitwa Tatizo Pesa, na mtu aliyekulia Mburahati hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Kwa hesabu hiyo hiyo mtu anaweza kuelewa kwa nini mchanaji wa hip hop anaweza kupanda singeli bila kuanguka. Professor Jay, aliyetoka kundi la Hard Blasters na kulelewa na hip hop ya miaka ya tisini, alitoa wimbo wa Kazi Kazi mwaka 2016 pamoja na Sholo Mwamba wa singeli, na ndani yake unasikia watu wawili wakitumia biti moja kwa mahesabu tofauti. Mwaka huo huo singeli ya Man Fongo iitwayo Hainaga Ushemeji ilivuka mitaa ikafika mahali ambako singeli haikuwa imealikwa. EFM ya Dar es Salaam ilikwisha kuipa singeli nafasi redioni wakati vituo vingine bado vinaikwepa, na hilo ni deni ambalo muziki huu unadaiwa na redio hiyo hata na sisi tusiopenda kila kitu kilichofuata.

Mahali pa kuzaliwa kwa yote haya paliitwa kigodoro. Ni mkesha wa kabla ya shughuli, ambapo watu hawalali mpaka kukuche. Wenye shughuli hukodi spika, turubai na viti, huomba kibali serikali ya mtaa, na kufunga kichochoro. Ninataka ieleweke kwamba mara nyingi mwenye shughuli ni mwanamke. Ni mama anayemtoa binti yake, au shangazi, au kikundi cha akina mama walioweka mchezo wa fedha miezi kadhaa ili siku hiyo ifike. Wao ndio wanaomlipa dijei na kumtunza emsii noti kwenye paji la uso anapotaja majina yao. Kwa hiyo vijana wa kiume wanashika maikrofoni na kompyuta, lakini fedha, sababu ya kukusanyika, na katikati ya duara ni vya wanawake. Anayeandika historia ya singeli kama historia ya wavulana wenye vipaji peke yao ameiacha nusu nje ya mlango. Viuno vinavyochezwa pale vina asili ya unyago, elimu ambayo ilifundishwa ndani, kwa siri, na makungwi, na kuiona ikitoka hadharani chini ya taa ya barabarani ni jambo ambalo wazee wengi, wanawake kwa wanaume, hawakulipokea kwa urahisi. Sitawabeza. Waliona kitu chenye mipaka yake kikivushwa mipaka.

Vigodoro vilipigwa marufuku mara kadhaa na mamlaka, na sababu zilizotolewa zilikuwa kelele za usiku, ugomvi, na watoto kuona yasiyowafaa. Baadhi ya malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Nimewahi kurekodi usiku uliokatishwa na mapigano nikakimbia na mashine yangu kifuani. Lakini marufuku zilitekelezwa kana kwamba muziki wenyewe ndio uliochukua kisu. Sherehe zilihamia mchana, au zikafupishwa, na emsii aliyezoea saa saba za kuchana akapewa dakika arobaini. Nadhani hilo lilibadilisha muziki kuliko studio yoyote. Mtu mwenye saa saba hujaribu, hukosea, hurudia, hubuni neno jipya saa tisa usiku kwa sababu amemaliza yote aliyokuja nayo. Mwenye dakika arobaini huimba anachokijua.

Studio nazo ni za kipekee. Studio ya Sisso, iliyopo Mburahati, imekuwa kiwanda cha biti na shule kwa wakati mmoja: chumba kidogo, kompyuta moja, kijana mmoja anatengeneza na wengine wanne wamesimama nyuma yake wanatazama vidole. Kwenye jukwaa utawaona madijei wa studio hiyo wakipiga vitufe vya kompyuta mpakato kwa nguvu na kasi ile ile ambayo babu zao wangepigia ngoma, kila kitufe kimebeba kipande cha sauti, na biti inajengwa papo hapo huku emsii akisubiri mwanya. Nyimbo zilizokamilika hazikusubiri kampuni. Zilikwenda kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye flashi na kadi za simu, kutoka huko zikapanda bajaji na bodaboda, na ndani ya wiki moja wimbo uliotengenezwa Mburahati ulikuwa unalia Mbagala.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso, na Ulaya ikasikia. Jina la lebo hiyo humshtua Mswahili, ila kwa Waganda linabeba maana ya hamu ya ghafla ya kucheza. Mwaka uliofuata ikaja albamu ya Poaa ya Bamba Pana, mwaka 2019 Uingizaji Hewa ya Duke, na mwaka 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella, albamu ambayo karibu yote haina emsii. Nafurahi vijana hawa wamepanda ndege na kulipwa kwa jasho lao. Lakini nimeona kilichotokea kwa muziki wenyewe. Majumba ya dansi ya Ulaya yalipenda kasi, na kasi isiyo na maneno ni rahisi kuuza kwa watu wasiojua Kiswahili. Huku nyumbani redio zilipenda maneno, hasa kiitikio cha kushika haraka, zikapendelea biti zilizopunguzwa mbio ili msikilizaji wa ofisini asikereke. Kila upande ulichukua kipande chake. Kule singeli inasikilizwa kama mashine isiyo na mdomo, na huku inakuwa wimbo wa kawaida wenye kinanda chembamba. Ile ya kigodoro, ambamo kasi ipo kwa sababu emsii anaihitaji na emsii yupo kwa sababu mwenye shughuli kamwita, inazidi kuwa adimu hata kwenye rekodi.

Kwa sababu hiyo siku hizi natumia muda mwingi kutafuta sauti za zamani kuliko kurekodi mpya. Miaka ya kwanza ya singeli haikuingia studio. Iliishi kwenye kanda, kwenye flashi zilizofutwa ili kupata nafasi, na kwenye simu ndogo za wakati ule zilizorekodi video za ukungu, sauti ikiwa imepasuka. Rekodi hizo ndizo bora nilizo nazo. Katika moja, kutoka shughuli ya Tandale, spika inazima katikati ya ubeti kwa sababu umeme umekatika. Biti inapotea, lakini emsii haachi. Anaendelea kuchana gizani kwa kasi ile ile, bila kupungua, na akina mama wanampigia makofi kwa nusu ya kasi hiyo, kofi moja kwa kila silabi nne, mpaka jenereta ya jirani inapowashwa na dijei anaingia tena pale pale walipofika.